Kitone Kilichotulia

Mume wangu alikuwa mwanajeshi, lakini bunduki hakuishika sana. Kazi yake ilikuwa kukaa hemani huko mpakani, mbele ya skrini yenye programu ya ramani. Kila kikosi chetu kilionekana kama kitone cha bluu, na adui akijulikana alipo aliwekewa kitone chekundu. Yeye ndiye aliyewaambia wakubwa nani yuko wapi, nani amekwama, nani anaelekea pabaya. Mimi nilikuwa nyumbani kijijini Kanyakine na watoto na majani chai, na yeye mwenyewe aliko sikuruhusiwa kujua. Nilikuwa nikimtania shemeji yangu kwamba kakake anaona dunia nzima ila mke wake. Tulicheka, kisha shemeji akaenda kwake, nami nikafunga mlango.

Alipostaafu nilifua mapazia, nikachinja kuku, nikajua upweke sasa basi. Mtu aliyerudi alikuwa mpole, hanywi, hagombani. Aliketi barazani asubuhi mpaka jioni. Neno la kwanza refu aliloniambia lilikuwa kuniomba simu yangu ili aniweke kwenye ramani ya simu yake, pamoja na binti yetu anayefundisha Embu.

“Nikijua mko wapi, natulia,” alisema.

Nilifurahi, sitadanganya. Mwanamke wa umri wangu kutafutwa aliko si jambo dogo. Siku moja nikienda kupeleka majani chai kwenye kituo cha kuyapimia nilizunguka makusudi kwa njia ndefu ya kanisani, ili nikirudi aniulize kulikoni. Aliniuliza kama chumvi ipo.

Basi, siku moja ya soko nilipeleka ndizi sokoni Gakoromone. Jua lilikuwa kali na sikuwa nimekula. Nikiwa nampimia mteja, kichwa kikazunguka, nikajikuta nimelazwa juu ya magunia, akina mama wa soko wakinipepea kwa kipande cha katoni. Ni presha, ninaijua. Mmoja wao, muuza viazi, alichukua simu yangu.

“Mama, si tupigie mzee wako akujie?”

“Wacha tu,” nikamwambia. “Huyo ananiona. Atapiga mwenyewe.”

Nilisema kwa maringo, hata nikamweleza mambo ya ramani na vitone. Akaniwekea simu kifuani. Nikaingoja. Kivuli cha kibanda kilihama, wakanivuta pamoja na magunia. Muuza viazi aliniuzia ndizi zangu pamoja na viazi vyake, na kila alipogeuka aliitazama ile simu, kisha akanitazama mimi. Ikafika mahali akaacha kuitazama. Hapo ndipo machozi yalinitoka, na nikasingizia vumbi.

Walinitafutia gari la kunirudisha. Nilimkuta barazani, simu juu ya goti.

“Leo uliniona?” nikamuuliza hata kabla sijakaa.

“Nilikuona. Ulikaa mahali pamoja karibu siku nzima.”

“Na hukupiga.”

Alinitazama kama mtu anayeulizwa kwa nini amefunga mlango usiku. Akanieleza polepole, kwa upole uleule. Kule kazini, kitone kikitulia, hukisumbui. Labda vijana wamejificha. Ukiwaita kwa redio, mlio mmoja tu unaweza kuwafichua wauawe. Kitone cha kuogopa ni kile kinachokimbia ovyo, au kinachopotea.

“Ulikuwa umetulia vizuri,” alisema. “Sikubandua macho.”

Nilimwamini. Hilo ndilo lililoniumiza zaidi. Angekuwa amelala, au amenisahau, ningemkasirikia, tugombane, tuyamalize. Lakini alinilinda siku nzima kwa roho yake yote, na mimi nililala kwenye magunia nikipepewa na watu baki. Nilimwambia nilikuwa mgonjwa. Akaingia ndani kunitengenezea uji. Ulikuwa na mabonge. Niliunywa wote.

Kesho yake nilizima simu nikaiacha chini ya mto, nikateremka mtoni, hapo chini tu ya nyumba, kupalilia nduma. Sikuwa na hila kubwa. Nilikuwa tu nimechoka kuwa kitone.

Kulipita muda, nikasikia kiti cha barazani kikisukumwa. Kisha ndala zake. Alikuja akiniita kwa jina la kifungua mimba wetu, kwanza kwa sauti ya kawaida, kisha kwa kupaza. Alishika njia ya migomba, ambayo haifiki mtoni, akarudi, akashika ya zizini, ambayo nayo haifiki. Shamba ni lake, alilirithi kwa babake, na njia zake hazijui. Sauti ilikuwa imeanza kukatika kwa hofu.

Nilisimama na jembe mkononi, matope mpaka magotini. Ningeitika angekuwa amefika. Sikuitika mara moja. Nilitaka aniite tena.