Neno la Ajenda ya Pili

Usiku ule wa Jumanne ulinianzia mapema, saa moja na dakika ishirini, kabla hata mama hajasonga ugali. Nilikuwa nimelala kifudifudi, sare sijavua, natunga uongo. Uongo wenyewe ulikuwa mfupi: asubuhi nimwambie mwalimu mkuu tumbo linaniuma, nisiingie kwenye mkutano wa bodi saa nne. Mimi ndiye mwakilishi wa wanafunzi kwenye bodi ya shule yetu. Sikuomba. Walimu walinipendekeza kwa sababu, na hili nililisikia kwa masikio yangu, yule ni mpole, hatatusumbua. Na kweli, mikutano miwili nimekaa mwisho wa meza nikihesabu maua ya kitambaa.

Safari hii kulikuwa na jambo. Bodi ilitaka sisi wanafunzi wa kutwa tuwe darasani saa kumi na moja alfajiri, eti ndivyo wanavyofanya shule zinazofaulu. Mimi natembea dakika kumi tu. Rafiki yangu Mumbua anatoka ng'ambo ya mto, saa moja na nusu kwa miguu, na mama yake ameshasema wazi kwamba mtoto wake hatapita vichakani gizani. Likipita hilo, Mumbua anabaki nyumbani, basi, masomo yamekwisha. Aliniambia haya wakati wa chakula cha mchana huku akinimegea kiazi chake, wala hakuniomba chochote. Afadhali angeniomba.

Usingizi ukanichukua hapo hapo.

Nikajiona niko katika shule yangu ya zamani ya msingi, mchana kweupe, madawati yamesukumwa pembeni. Bibi, mama yake mama, aliyefariki nikiwa darasa la saba, amesimama ameelekea ukuta. Nilimjua kwa mgongo, na kwa visigino vyake vilivyopasuka. Kwetu ndivyo wazazi wanavyochagua mjumbe wao wa bodi, hakuna karatasi wala sanduku. Wagombea wanageuzwa nyuso ukutani wasione nani anawataka na nani hawataki, kisha watu wanajipanga nyuma yao. Mwenye mstari mrefu ndiye mjumbe.

Mstari wa Bibi unatoka mlangoni, unakata uwanja, unateremka hadi mtoni, na watu wa ng'ambo bado wanavuka, wamekunja nguo, wanacheka. Nikaelewa kuwa ni ule uchaguzi wake wa kwanza, ninaoujua kwa kusimuliwa tu. Alimshinda mwenye duka aliyekuwa akipita na kipaza sauti. Bibi alikwenda nyumba kwa nyumba, akikuta wanawake wanapukuchua mahindi anakaa anapukuchua nao, na akiaga anauliza tu, watoto wenu wanasoma wapi.

Mimi ndiye wa kwanza kwenye mstari, kidevu changu kinakaribia bega lake. Hageuki.

"Mke mwenzangu," anauambia ukuta. "Umekuja kunichagua au kunipumulia shingoni?"

Ndivyo alivyoniita tangu nizaliwe, kwamba tunagombania babu. Nataka kumjibu, lakini ukuta haupo tena. Ipo meza ndefu, na Bibi ameketi katikati ya wanaume tu. Mwenyekiti simwoni uso, namwona mkono wake wenye kalamu. Kila jambo likisomwa anauliza kama kuna mwenye neno, anangoja pumzi mbili, anagonga meza, na katibu anaandika kwamba wajumbe wote wameafiki. Ndivyo ilivyo hata kwenye bodi yetu ya sekondari. Kimya ni ndiyo.

Bibi ana neno. Choo cha wasichana hakina mlango. Kalamu inagonga, mlango unawekwa. Mwalimu fulani anachapa watoto mpaka wanatoroka. Inagonga, mwalimu anahamishwa. Kila ikigonga nywele zake zinazidi kuwa nyeupe, na huko nje nasikia miguu ya watu wakijipanga upya nyuma yake, awamu ya pili, awamu ya tatu.

Kisha mwenyekiti anasema kwa heshima kabisa, mama, wageni hawajapata chai.

Bibi anainuka. Kwetu mtu haachwi na kikombe kitupu mama mtu mzima akiwa amekaa. Anakwenda pembeni kwenye chupa ya chai, na nyuma yake sauti inasoma kwamba lile tawi la shule la watoto wadogo kule ng'ambo lifungwe, watakaotaka kusoma wavuke mto. Kuna mwenye neno? Pumzi mbili. Kalamu ikagonga. Bibi anageuka, vikombe viwili mkononi, na hakuna anayemtazama. Katibu yuko mbioni kuandika.

Nikatafuta nani atasema. Ndipo nikajiona mwisho wa meza, na sare yangu ya kidato cha tatu, nahesabu maua ya kitambaa.

Sijui tulifikaje mtoni. Maji yamejaa, na upande wa pili watoto wadogo wamesimama na madaftari yao, hawavuki, wanatutazama tu. Yaliyofuata mama alishanisimulia. Watu wa ng'ambo walimjia Bibi, akawaambia alikuwa akimimina chai. Wakamjibu kwamba kumbukumbu za mkutano zinasema alikubali. Uchaguzi uliofuata aliutazama ukuta kwa muda mrefu, na alipoambiwa ageuke alikuta watu watatu: babu, mama, na mzee jirani ambaye baadaye alisema alikosea mstari. Huyo mzee alimchekesha Bibi mpaka anaingia kaburini. Habari ya chai hakuitamka tena hata mara moja.

Sasa anaitamka.

"Sikukubali," anasema, macho kwa watoto wale. "Ila sikusema kwamba sikubali. Kwenye kitabu chao ni kitu kimoja."

Nikamuuliza mbona hakurudi kesho yake akawaambia wafute. Nikiwa macho nisingethubutu kumuuliza hivyo.

"Niliona haya, mke mwenzangu. Haya zangu watoto wa watu wakazilipia."

Anakunja kitenge, anaingia majini, maji yanamfika magotini. Nadhani ameniaga. Kumbe anageuka.

"Sauti yako naijua, ni ya kukimbia watu. Usiingoje mle ndani. Itangulize, waikute imeandikwa kabla hawajakaa."

Akavuka. Hakutazama tena nyuma, na watoto wale wakaanza kushuka ukingoni kumpokea.

Mama alikuwa akinitikisa mguu, ugali unapoa. Saa mbili na dakika tano. Nilimsimulia yote tukiwa jikoni, na yeye akaacha kula. Kitu alichouliza ni kimoja tu, kama Bibi alikuwa bado anachechemea kama siku zake za mwisho. Nikasema hapana, alitembea vizuri, hata ndani ya maji. Mama akanawa mikono akaenda kukaa nje kidogo.

Asubuhi nilifika shuleni saa moja kasoro robo. Katibu wa bodi yetu ni mwalimu wa kilimo, nikamkuta ofisini anapanga karatasi za mkutano. Nilisimama mlangoni mpaka akachoka.

"Ingia basi, au umekuja kuulinda mlango?"

Nikaingia. Nikamwambia nina neno kwenye ajenda ya pili, naomba aliandike kabisa kwenye karatasi ya mwenyekiti. Akavua miwani. Akanikumbusha kwamba mimi hata jina langu likiitwa darasani naitikia kwa kuinua kidole. Nikasema ni kweli. Akauliza neno lenyewe ni lipi, na nikahisi sauti inaondoka, kabisa inaondoka, nikaidaka ikiwa bado kooni.

"Andika kwamba sikubali. Andika kwamba kuna wanaotoka ng'ambo, na ili wafike saa kumi na moja itabidi waondoke kwao saa tisa na nusu usiku."

Akasema mwenyekiti atauliza, na nikiulizwa yeye hatanijibia. Nikasema nitajibu mwenyewe.

Akavaa miwani, akavuta karatasi, akaanza kuandika. Sikuondoka pale mezani mpaka nilipomwona ameweka nukta.