Mama hakusema amechoka

Kisa hiki alinisimulia kwanza dada yangu, mwaka juzi msimu wa korosho, aliporudi Masasi baada ya kumpeleka mama hospitali.

Mama alibandikwa nyaya kifuani, akapandishwa kwenye mashine ya kutembea papo hapo, ili daktari aone moyo ukitumikishwa.

"Mama, kifua kikibana sema, tusimamishe," daktari akamwambia.

Mashine ikainuka kama mlima. Mama akatembea shingo wima, kana kwamba ana ndoo kichwani. Jasho likamtoka.

"Kifua vipi, Mama?"

"Salama, mwanangu."

Daktari akatazama mistari kwenye kioo, akazima mashine. "Moyo wako unasema kifua kinabana."

"Tangu mwanzo wa mlima," mama akakiri. "Lakini nani husema amechoka kabla hajafika?"

Newala ya ujana wake maji yalichotwa bondeni, na aliyelalamika njiani aliwalegeza miguu wenzake. Sisi wanawe tulidhani hachoki. Bado nastaajabu kwamba mashine ilimjua vizuri zaidi kwa dakika chache kuliko sisi kwa miaka yote.

Walioshuhudia siku ile wapo: daktari yupo, dada yupo. Katika wanawake aliopanda nao mlima na ndoo, amebaki hai mama peke yake, na siku hizi akichoka anasema.