Sufuri za Mama Vinyweleo

Saa moja na robo asubuhi, kabla wenzake hawajafika, Mama Vinyweleo anavuta droo ya arobaini na mbili, anamnyanyua mbawakawa mmoja kwa pini iliyomchoma mgongoni na kumweka chini ya hadubini. Anafumba jicho la kulia. Halimsaidii tena, basi linapumzika.

Anautazama mguu wa nyuma wa mdudu huyo kwa dakika sita nzima. Kisha anaandika tarakimu moja tu kwenye jedwali: 1.

"Vipo," anasema, na kushusha pumzi.

Jina hilo la utani alipewa na wenzake katika chumba hiki cha makumbusho kinachonuka dawa ya nondo. Kwa miaka kumi na tisa kazi yake imekuwa kutafuta vinyweleo kwenye miguu ya mbawakawa waliokufa. Mumewe, fundi cherehani mstaafu, huwaambia majirani kwamba ameoa kinyozi wa wadudu.

Kazi yenyewe haina mzaha. Watafiti wanataka kujua mbawakawa wepi ni ndugu na wepi wanafanana tu, ili wachore mti wa ukoo wao tangu mababu wa kale. Kila aina ya mdudu ina mstari wake kwenye jedwali, na kila sifa ina safu yake. Sifa ikiwapo, anaandika moja. Isipokuwapo, sufuri. Isipojulikana, labda kwa kuwa mguu umevunjika, anaweka alama ya kuuliza. Kompyuta husoma jedwali hilo na kuchora mti.

Hata maana ya "vipo" iliwagombanisha yeye na mkuu wa maabara kwa wiki tatu. Kinyweleo kimoja kinahesabika? Waliafikiana kuanzia vitano vilivyojipanga mstari.

Balaa lilianzia nyumbani, mezani. Mwaka jana mumewe aliuma jiwe kwenye wali, na kesho yake akauma jingine. Mchele alikuwa ameuchambua mkewe.

"Aliniuliza, mke wangu, umeamua kunijengea msingi tumboni? Nikacheka. Halafu nikajiuliza," anasimulia. "Kama jiwe silioni, kinyweleo nakionaje?"

Hospitalini aliambiwa kwamba sehemu ya nyuma ya jicho, ile inayoona vitu vidogo, inakufa. Jicho la kulia limekwisha, la kushoto linafuata, na kilichopotea hakirudi. Daktari alimkadiria mwaka mmoja, ukizidi sana mmoja na nusu. Miezi saba imeshapita.

Kesho yake baada ya kutoka hospitalini, alirudi kwenye droo alizokwisha kuzimaliza, akawasha taa kali zaidi na kutumia jicho la kushoto. Miguu aliyoiandikia sufuri ilikuwa na vinyweleo.

"Nililia kama mtu aliyefiwa," anasema. "Nilikuwa naandika hakuna, kumbe nilitakiwa niandike sijui."

Sufuri zile zilikuwa zimewaweka kwenye tawi moja wadudu wasiohusiana hata kidogo, na mti huo ulikuwa umeshachapishwa. Hakuna aliyegundua. Angeweza kufunga mdomo wake na kustaafu kwa heshima. Badala yake alipanda ngazi hadi ofisi ya mkuu wa maabara na kueleza yote.

Mkuu alimsikiliza akiwa amesimama. Alimtaka arekebishe safu zote kumi na moja za vinyweleo, yaani nafasi 1,793, kabla mkataba wake haujaisha mwezi wa kumi na mbili. Hautaongezwa, na hataajiriwa mwingine wa kushika kazi yake. Baadhi ya wenzake, ambao nao majina yao yako kwenye ule mti, hawamsalimii tena. Chai anakunywa peke yake, na inamuuma.

Mumewe humfariji kwamba kosa moja haliachi mke. Yeye humjibu kwamba yake si moja, hadi sasa ni mia tatu na kumi na saba.

Zimebaki nafasi 412, na jicho moja linalofifia. Anachoomba ni kuzifikia zote kabla giza halijamfikia yeye.

Anamweka mdudu mwingine chini ya hadubini. Anageuza taa, anafuta kioo, anasogea, anarudi nyuma. Dakika kumi zinapita na machozi yanamtiririka kwa kukodoa. Kisha anampisha mwandishi wa makala haya aangalie.

Kwa jicho zima vinaonekana waziwazi: vinyweleo vya rangi ya dhahabu, vimejipanga mstari kama meno ya kitana. Mwandishi anafungua mdomo.

"Usiniambie," anasema Mama Vinyweleo. "Wewe hujui kutofautisha kinyweleo na uzi wa vumbi. Mimi sioni. Hapo sote wawili hatujui."

Anaandika alama ya kuuliza, kisha anainakili namba ya droo kwa herufi kubwa kwenye karatasi iliyobandikwa mlangoni. Karatasi hiyo ndiyo mpango wake. Amekwisha kuandika namba themanini na tisa, na akiondoka ataiacha hapohapo, ingawa ameambiwa hakuna atakayekuja.

"Sufuri hakuna anayerudi kuiangalia," anasema. "Alama ya kuuliza, siku moja atapita mwenye macho, ataijaza."

Anafunga droo. Mkono wake unapapasa ukutani, ukitafuta kishikio cha inayofuata.