Wachezaji Wasiogusa Chini

Mama alipoanza kunisahau, nilikuwa nimeandika mabango Tunduma kwa miaka kumi na minne. Kazi yangu ni herufi: majina ya saluni, ya maduka ya vipuri, ya nyumba za wageni zinazotazama foleni ya malori. Picha ninazochora ni zile anazotaka mteja. Kichwa cha mwanamke aliyesukwa vizuri, tairi, kuku wa kukaanga. Kuchora kitu kwa sababu tu nimekitamani mwenyewe, hilo sikuwahi kulifanya.

Nyumbani kwetu ni Mbozi, juu kidogo ya Nanyala, ambako mama anaishi na kaka yangu na mkewe katikati ya kahawa. Wifi ndiye aliyenipigia simu.

"Wifi, njoo," alisema. "Mama ameniuliza mimi ni nani, na nani kaniruhusu kuingia jikoni kwake."

Nilikwenda nikiamini wifi anaongeza chumvi. Mama alinipokea vizuri, akanishika mikono, akaniita kwa jina la mdogo wake aliyefariki kabla sijazaliwa. Nilipomrekebisha alicheka, kama mtu anayeona anafanyiwa utani.

Daktari aliyempima hakutuficha. Alisema ugonjwa huo hauna dawa ya kuurudisha nyuma. Tumpe utulivu, tuzungumze naye habari za zamani, tumwonyeshe picha za watu na mambo aliyoyapenda. Kaka alinitazama nami nikamtazama. Picha za nyumbani kwetu zote ziliharibika mwaka paa la nyumba ya zamani lilipovuja juu ya sanduku. Tuliitikia tu, tukamshukuru, tukaondoka.

Jambo ambalo mama alilipenda kuliko yote nililijua. Alipenda kucheza. Alikuwa mbele ya kwaya ya akina mama kanisani kwetu tangu mimi sijaanza shule, na siku ya mavuno, wanawake walipoingia na vikapu vya mahindi kichwani, yeye ndiye aliyekuwa na filimbi. Alifunga kitenge kiunoni, akakaza, kisha mabega yakaanza. Nilikuwa nakaa benchi la watoto nikiangalia miguu yake, na naapa kuna wakati nilikuwa siioni ikigusa sakafu. Watu wazima walikuwa wanasema mama yangu hana mifupa.

Basi nikaamua kumchorea siku ile ya mavuno. Nilikwenda Mbeya mjini nikanunua rangi za akriliki kwenye duka la vifaa vya sanaa, nikachukua marekani, kitambaa kigumu cha pamba, nikakivuta kwenye fremu niliyoigonga mwenyewe, nikakipaka nyeupe. Nilifunga kibanda changu Tunduma nikahamia Mbozi. Ilikuwa Julai, baridi imeshika na upepo ni mkavu. Nilianza kazi barazani, mama akiwa ndani na wifi.

Nilichora kama ninavyojua kuchora. Nilichora nyuso, macho, midomo, vitenge na maua yake. Siku tatu. Nilipokaa mbali nikatazama, niliona wanawake saba wa bango la saluni, wamesimama wima, wakingoja wateja. Hakuna hata mmoja aliyekuwa anacheza. Nilichukua rangi nyeupe nikawafuta wote.

Rangi yenyewe ilinitesa. Nimezoea rangi ya mafuta, inayokusubiri ukosee, ufute, urudie. Ile ya akriliki, kwa upepo ule wa Mbozi, ilikuwa inakauka kabla sijaamua ninataka nini. Mwishoni niliacha kuamua. Niliweka brashi chini nikachukua kisu kipana cha kupakia puti, tambara, na vidole vyangu. Mkono mmoja wa mchezaji niliuvuta kwa pigo moja refu la rangi nyekundu, kutoka begani hadi nje ya kitambaa, bila kiganja. Sketi niliizungusha kwa tambara lenye bluu mpaka ikawa duara. Vichwa nilivifanya madoa tu, kila kimoja kimelala upande wake. Sikuweka nyuso, wala benchi, wala kanisa. Nilijikuta naimba nyimbo za kwaya ile na kurusha mabega nikipaka, hata wifi akatokea mlangoni na mwiko mkononi, akacheka mpaka akashika ukuta.

"Wanacheza!" alisema. "Wifi, hawa kweli wanacheza. Yule wa katikati ni mama."

Sikuwa nimemwambia. Nilifurahi mno.

Tulimtoa mama barazani, tukamkalisha kwenye kiti, tukamfunika blanketi miguuni. Alitazama picha kwa muda mrefu. Nilikuwa nimepiga magoti pembeni yake, nikingoja.

"Wanaanguka," alisema.

"Hapana, mama. Wanacheza. Ni siku ya mavuno, wewe ndiye huyu mwenye nyekundu."

"Wanaanguka hawa!" Sauti ilipanda. "Hawana pa kukanyaga. Washikeni! Mnaangalia nini?"

Alisimama, blanketi likaanguka, akaenda moja kwa moja kwenye picha akakumbatia fremu kwa mikono miwili. Alikuwa analia. Alikuwa anaita wanawake kwa Kinyiha, lugha ya kwetu, mmoja mmoja, majina ambayo baadhi nayajua kutoka makaburini. Nilijaribu kumtoa, akanisukuma kwa nguvu sijui alizipata wapi. "Wewe umesimama tu," aliniambia. "Wenzako wanaanguka, wewe umesimama tu!"

Wifi ndiye aliyembembeleza akarudi ndani. Mimi niligeuza picha ukutani.

Ningeachia hapo. Lakini mimi ni fundi, na fundi akiambiwa kuna kasoro anatafuta pa kurekebisha. Alisema hawana pa kukanyaga, nikasema basi nitawapa. Kesho yake nilichanganya nyekundu na kahawia mpaka nikapata udongo wa shamba letu, nikaupaka chini ya wachezaji, mzito, mpaka kwenye vifundo vya miguu. Nikangoja siku mbili ili awe ametulia. Nikamwonyesha tena.

Safari hii hakupiga kelele. Alinyoosha kidole akagusa ule udongo.

"Wamezikwa," alisema polepole. "Mbona mmewazika wamesimama?"

Nilikuwa na kisu cha puti mkononi na sikujua nikiweke wapi. Jioni ile kaka alikuja akakaa nami kwenye ngazi.

"Hiyo picha haina kosa," alisema. "Mwache mama apumzike. Na wewe upumzike."

Hilo ndilo lililoniumiza. Nilitaka picha iwe na kosa. Kosa ningelipaka rangi.

Niliukwangua ule udongo nilivyoweza na nikairudisha picha Tunduma. Niliiegemeza ndani ya kibanda kwa kuwa sikuwa na mahali pengine. Mama mmoja wa Nakonde, ng'ambo ya mpaka upande wa Zambia, mfanyabiashara wa maharage aliyekuja kuandikiwa bango, alisimama mbele yake akasahau kilichomleta.

"Banamayo balecinda," alisema kwa Kibemba, yaani wanawake wanacheza, na mabega yake yakaanza kwenda. Aliniuliza nani kanifundisha. Nikasema mama yangu. Akasema nimpelekee salamu, na nimwambie kafundisha vizuri. Nilikwenda nyuma ya kibanda nikaosha brashi ambazo tayari zilikuwa safi.

Juzi nilikuwa tena Mbozi. Nilimkuta mama amekaa kwenye mkeka anapukuchua maharage, maganda anayatia kwenye ungo na punje anazitupa. Nilikaa karibu naye nikawa naziokota. Tulifanya hivyo muda mrefu, na alionekana ametulia. Mawingu yalipoanza kushuka kutoka mlimani alinigeukia kwa huruma.

"Nenda nyumbani, mwanangu," alisema. "Mama yako atakuwa anakutafuta."

"Ndiyo, mama," nilisema.

Nikainuka. Nikazunguka nyumba, nikasimama nyuma ya jiko pamoja na wifi, ambaye alinishika mkono. Nilipojifuta uso nilizunguka upande wa pili, nikatokea mbele kama mgeni anayefika kutoka barabarani.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba," alijibu, akanisogezea nafasi kwenye mkeka. "Karibu. Kuna mtoto alikuwa hapa ananisaidia, nimemwambia aende kwao. Kaa basi wewe."