Baba mkwe aliponiagiza trigger ya bunduki yake kutoka Guangzhou

Wakuu, poleni na mihangaiko. Ninachoandika hapa si chai, kimenipata mimi mwenyewe, na wanaonijua huku Guangzhou watanicheka upya wakisoma. Wacheke tu, nimeshazoea.

Kazi yangu ni mikoba. Nakusanya order za akina mama wa Dar na Morogoro, napanda basi hadi Shiling, mji wa ngozi, ambako kila mlango ni zipu, ngozi au vyuma vya mikoba. Huu ni mwaka wangu wa sita.

Wakati wa kisa hiki nilikuwa nataka kumuoa Rehema wa Morogoro. Barua ya posa ilishakwenda kwao. Miezi mitatu ilikuwa imepita na jibu hakuna.

Sasa baba yake Rehema ni mstaafu anayependa kulenga shabaha. Ana bunduki ya semi-automatic yenye leseni zake zote, na Jumapili anakwenda kulenga na wazee wenzake. Tatizo ni moja tu, Mzee anakosa. Na si kukosa kidogo. Wenzake wanasema siku akilenga yeye, mahali salama pa kusimama ni mbele ya karatasi ya shabaha.

Mzee mwenyewe alisema kosa ni la trigger. Eti ile iliyotoka nayo kiwandani ni nzito, inakwaruza, ukiivuta mkono wote unahama. Kuna fundi wa silaha pale mjini, mwenye kibali, alimwambia aipeleke aikague. Mzee akakataa. Fundi wa Morogoro atamwambia nini wakati kuna kijana yuko China?

Ndipo simu ikapigwa.

"Shikamoo baba."

"Marahaba. Kijana, nasikia huko kwenu hakuna kinachokosekana."

"Ni kweli baba."

"Basi nitafutie trigger nyepesi ya bunduki yangu. Hii ya kiwandani inaniaibisha. Ukishaipata, tutakaa tuyazungumze vizuri yale mambo yetu."

Wakuu, wewe ambaye barua yako haijajibiwa ungesema nini? Nilisema hakuna shida baba.

Niwape ukweli, sisi wafanyabiashara wa huku tuna ugonjwa. Mtu wa nyumbani akiuliza kama kitu kipo, tunasema kipo, halafu ndipo tunakwenda kukitafuta. Tumepata hivyo taa za msikitini, meno ya bandia na injini za boda. Nikajua na hii itapatikana.

Mzee naye anajua kwamba biashara ya China inaanza na sample. Hakutuma trigger ya kweli, namshukuru Mungu mpaka leo. Alikwenda kwa fundi seremala akamchongesha trigger ya mbao, ya mninga, saizi ileile. Imepigwa msasa, imepakwa vanishi, inang'aa kuliko samani za kwangu. Ikanijia kwenye begi la mama mmoja wa Kariakoo, imefungwa kwenye kipande cha kanga, pamoja na picha ya bunduki nzima kwenye WhatsApp.

Najua mtasema mimi mjinga. Lakini mtu anaona dunia kwa kazi yake. Mimi kile kipande niliona ni chuma kilichopinda, ndugu yake ndoano ya mkoba. Na vyuma vya mikoba nina mtu wangu.

Mtu wangu ni Bi Lin, mama wa Shiling mwenye duka la pete, ndoano na vifungo. Kiwanda ni cha mume wake, kiko nyuma ya duka. Tumefanya kazi miaka yote hiyo na hajawahi kunipa kitu kibovu. Nikifika, kabla hata sijakaa, chai imeshamiminwa.

Nikamwekea trigger ya mninga juu ya meza. Akaigeuza, akaipima kwa rula, akaisifu vanishi. Akaniambia chuma gani kitafaa na kwamba MOQ, yaani order ya chini kabisa, ni vipande mia tano.

Mia tano! Nikamwambia laoban, yaani bosi, mimi nataka kimoja tu. Akacheka, akasema kimoja atengenezewe nani, mfalme? Nikacheka na mimi. Mambo yalikuwa yanakwenda vizuri kabisa.

Kisha akauliza swali ambalo supplier yeyote makini huuliza: kinabeba uzito gani?

Hapa ndipo nilipojichimbia shimo. Mnaofuata mzigo huku mnajua kanuni yetu: ukitaka quality, usionyeshe kipande, onyesha kitu kizima kilichokamilika. Ukileta kifungo, onyesha na mkoba wenyewe. Basi nikatoa simu, nikamwonyesha bunduki. Na kwa kuwa Kichina changu ni cha sokoni, nikakunja kidole nikamvutia na mfano, ta, ta, ta.

Bi Lin akaiweka ile mbao chini taratibu, akaenda akavuta shutter mpaka nusu.

"Meiyou," akasema. Hakuna. Halafu akaanza kulisema mfululizo, meiyou, meiyou, meiyou, huku anamwita mume wake.

Mume akatoka na nyundo. Nikajua leo nakufa Shiling. Kumbe nyundo ilikuwa ya kupigia ile mbao. Aliipasua trigger ya Mzee vipande vipande pale sakafuni, akavikusanya, akaondoka navyo. Bi Lin akanisimamia mpaka nikafuta ile picha, na kwenye pipa la simu pia nikaifuta.

Ndipo akaongea kwenye app ya kutafsiri, ile sauti ya kike isiyo na hasira wala huruma ikanisomea kwa Kiswahili: "Katika nchi yetu kipande cha bunduki ni bunduki. Wewe utafungwa. Mume wangu atafungwa. Mimi nina watoto wawili. Kwa nini ulileta hii nyumbani kwangu?"

Nilimwangalia yule mama, nikaona aibu ambayo sijawahi kuiona tangu nizaliwe. Jela niliiogopa baadaye, ndani ya basi. Pale dukani kilichoniuma ni kwamba chai haikumiminwa tena.

Nikampigia Rehema, nikamweleza yote. Alicheka mpaka akakata simu. Alipopiga tena akasema, "Mwambie baba mwenyewe. Mimi sitakusemea."

Siku mbili nilizunguka na hiyo simu mfukoni. Nilijua nikimwambia Mzee hapana, barua yangu itabaki huko kabatini mpaka iliwe na mchwa. Nikafikiria hata kumdanganya kwamba mzigo uko njiani. Mwisho nikapiga.

"Baba, nisamehe. Trigger haitapatikana. Huku ni kosa la jela, na nimemponza mama wa watu. Sitatafuta tena."

Nikasikia redio ya nyumbani kwao.

"Huyo mama," Mzee akasema, "ulimtajia jina langu?"

"Hapana baba. Nilisema ni ya mteja."

Redio ikapunguzwa sauti.

"Na wakikubana ungetaja?"

"Nisingetaja baba."

Akakohoa. "Waambie washenga wako waje Jumamosi. Na wasithubutu kuizungumzia trigger mbele ya mama mkwe wako, hajui."

Wakuu, nilikaa chini kwenye ngazi za soko, nikalia kama mtoto.

Ndoa imefungwa. Kwa Bi Lin nilirudi na mke wangu kuomba radhi, akampokea Rehema kwa mikono miwili, mimi akanipita. Amenisamehe, ila sasa kila sample anaikagua mara mbili. Mzee naye alikubali kuipeleka bunduki kwa yule fundi mwenye kibali. Fundi akaisafisha, akasema trigger ni nzima haina tatizo lolote. Mzee bado anakosa. Siku hizi analaumu upepo.

Nilichojifunza: ukweni hakukuzuii kusema hapana. Hapana yangu niliyoiogopa ndiyo iliyonipa mke. Na kitu usichoweza kukieleza matumizi yake mbele ya mwenye duka, usikiweke mezani kwake.

Mlioagizwa makubwa na wakwe, shukeni hapa mseme. Na mwenye dawa ya upepo, PM iko wazi.