Mjalidi na Maneno ya Pembezoni

Saa mbili asubuhi, Jumatatu. Katika chumba cha nyuma cha maktaba, mzee mmoja anachovya brashi kwenye gundi, anapaka mgongo wa kitabu cha mashairi kilichoachia kurasa, kisha anaubana kwa vidole, taratibu, kama anayemshika mtoto mkono.

Ni mjalidi, fundi wa kurudishia vitabu chakavu majalada. Wasomaji humwita Babu Gundi. Amefanya kazi hii miaka thelathini na minane, na wiki hii ana vitabu sitini mezani. Visivyokamilika kufikia Ijumaa vitatupwa, maana chumba kinatakiwa kwa kazi nyingine.

"Kwa mkono nitamaliza ishirini," anasema. "Kwa mashine ya kukata kingo, karibu vyote. Lakini mashine inakula pembezoni."

Pembezoni ndiko wasomaji wa zamani walikoandika kwa penseli. Anafungua ukurasa. Kando ya ubeti unaosifu kuridhika, mtu ameandika: "Nimesoma haya sina kazi. Nimelala vizuri." Chini yake, mwandiko mwingine: "Ulipata?"

Ujanani aliwahi kukosea. Binti mmoja alimletea kitabu cha marehemu baba yake. Fundi akakisawazisha kingo kwa mashine kikapendeza, na nusu ya maandishi ya baba ikaenda na vipande.

"Sikumtukana," anasema binti huyo, ambaye sasa ni mkewe na mwalimu mstaafu. "Nilimnyamazia miezi miwili."

"Ulinitukana, mama watoto."

"Kimoyomoyo. Ulisikiaje?"

Kila Jumamosi fundi, wakati huo bado kijana, alikwenda kumwomba binti ayakumbuke maneno ya baba, wayaandike upya. Walipofika ukurasa wa arobaini, wakachumbiana.

Tangu hapo hajakata kitabu chenye maandishi. Hadi Jumanne jioni ametengeneza vinane tu.

Jumatano asubuhi mkewe anaingia na daftari na penseli tatu.

"Kata, mume wangu. Ila kila kitabu kipitie kwangu kwanza. Nitanakili yote ya pembezoni."

Ijumaa alasiri, vitabu hamsini na vinane vimesimama kwenye rafu. Viwili vilivyobaki Babu Gundi anatoka navyo kwapani, huku mkuu wa maktaba akitazama dirishani kwa makini sana.

Daftari limejaa. Wanandoa hao wanapanga kulijalidi na kuiomba maktaba ilipokee, lisomwe kama vitabu vingine.

"Jina la mwandishi utaweka nani?" mkewe anauliza.

"Nitaacha wazi. Na pembeni nitaacha nafasi ya vidole vinne, wasomaji wa leo nao waandike."