Mlango Mmoja Niliopaka Uonekane Mpya

Siku yangu ya kwanza kazini sikushika brashi. Fundi Mkuu wa karakana ile ya Makina, Kibera, mzee mtulivu aliyevaa kofia ya kushonwa hata akiwa anaranda mbao, aliweka kiti cha zamani mbele yangu, akaniambia nikiangalie, kisha akarudi kwenye randa yake. Nilikuwa nimetoka Machakos juzi tu, msichana mwenye haraka ya kujionyesha, nikadhani ananidharau. Nilikikodolea kiti macho mpaka adhana ya adhuhuri. Aliporudi kutoka msikitini aliniuliza, "Umeona nini?"

"Kiti, Mzee."

"Kiti nimekiona na mimi. Mtu aliyekikalia alikuwa mtu wa namna gani?"

Akashika mkono wangu akauweka juu ya mkono wa kulia wa kiti, mahali ambapo vanishi ilikuwa imeisha kabisa na mbao imekuwa laini. Upande wa kushoto vanishi ilikuwa bado nzima. "Huyu alikuwa anainuka kwa kuegemea huku," akasema. "Mguu mmoja ulimsumbua. Kitu hakizeeki kila mahali, binti. Kinazeeka pale kinaposhikwa."

Kwa mzee huyo nilijifunza kupiga msasa kwa kufuata nyuzi za mbao, kupaka vanishi nyembamba mara nyingi badala ya nzito mara moja, na kuunga miguu ya meza bila msumari kuonekana. Kazi yetu ilikuwa kufufua vitu vya nyumba za watu wa Makina: vitanda vya mababu, masanduku ya maharusi, kabati za vyombo. Tulivifanya vionekane vipya. Nilidhani nitaifanya kazi hiyo mpaka nizeeke.

Kisha Bosi akaja. Alikuwa mama wa Kawangware, wa zile familia zilizokuwa na mashamba pale kabla ya flati, na alikuwa amefungua karakana Gatina, hukohuko Kawangware, yenye dirisha kubwa la kioo mbele. Aliangalia meza niliyokuwa nimeimaliza, akaipapasa, akasema, "Unajua kuifanya mpya. Unaweza kuifanya nzee?" Nilicheka. Yeye hakucheka. Wateja wake, alinieleza, walikuwa wameanza kutaka nyumba zinazofanana na za nyanya zao, na walikuwa hawataki kungoja.

Fundi Mkuu aliponiaga alinitania mbele ya kila mtu, akiniita kwa jina la binti niliyemzaa nikiwa pale. "Mama Mwende anaenda kufundisha mbao kudanganya umri," alisema. Halafu akanivuta kando. "Basi ukidanganya, danganya vizuri. Usikwaruze mahali ambapo mkono haufiki."

Nyinyi vijana mnanunua siku hizi dawa ya kuzeesha ikiwa tayari ndani ya mkebe, kwa hiyo niwaambie tulivyofanya sisi. Mbao mpya tuliipaka kwanza chai kali ya rangi, ikakauka. Siku chache kabla tulikuwa tumeloweka stilwulu, zile nyuzi za chuma za kusugulia sufuria, ndani ya siki mpaka ikayeyuka. Ukipitisha maji hayo juu ya ile chai, mbao inageuka kijivu mbele ya macho yako, kama imenyeshewa miaka mingi. Kwa vitu vya rangi tulipaka rangi ya chini, tukasugua mshumaa kwenye kona na kingo, halafu tukapaka rangi ya juu. Penye nta rangi haishiki, kwa hiyo ukipiga msasa kidogo inabanduka na ile ya chini inachungulia. Ujuzi wote uko katika kujua pa kusugua mshumaa, na hapo ndipo nilipowashinda wengine, kwa sababu ya kile kiti.

Upande wa vitambaa na zawadi ulikuwa wa Wanjiku. Alishona mito, akafuma vitambaa vya viti vya aina ile iliyokuwa sebuleni kwa mama zetu sote, akavisha mikebe ya maziwa kamba ya katani na kutia mshumaa ndani, na kubandika vifungo vya mashati ya zamani kwenye fremu za picha. Wanjiku alikuwa mashoto. Mafundo yake yalilala upande wa pili, na msichana aliyetaka kujifunza kwake ilibidi akae mkabala naye, amtazame kama anayejitazama kwenye kioo. Tuliishi ploti moja ya vyumba vya kupanga Mashimoni, mlango kwa mlango, na asubuhi tulitembea pamoja kutoka Kibera mpaka Gatina tukipitia Ngong Road. Tuligombana njia nzima kuhusu rangi. Yeye alipenda rangi za kupiga kelele, mimi sizipendi hata leo.

Alipohamia ploti yetu mlango wake ulikuwa unafunguka upande usiofaa mkono wake, akaomba ruhusa kwa mwenye nyumba uhamishwe bawaba na komeo. Nikajitolea kuupaka. Nilikuwa na bluu iliyobaki kazini, nzito kama ya sare za shule, na nilishatoa mshumaa mfukoni aliponishika mkono.

"Mama Mwende, huu usiuzeeshe. Mimi nimelelewa kwa vitu vizee. Nataka kitu kimoja kipya."

Basi nikauziba nyufa, nikaupiga msasa, nikaupaka bluu ukang'aa. Katika miaka yangu yote Gatina ni mlango mmoja tu niliopaka uonekane mpya. Jirani mmoja alisema tumeweka mlango wa benki kwenye nyumba ya udongo, na Wanjiku akawa anamwambia aache pesa zake ndani.

Desemba ile ya uchaguzi nilikwenda Machakos kwa Krismasi kama kawaida. Wanjiku alibaki kwa sababu alikuwa na oda ya vitambaa ya mwaka mpya. Alinisindikiza mpaka stegi ya basi, akanipa mkoba wangu, akasema, "Usirudi bila maembe." Hayo ndiyo yaliyokuwa maneno yetu ya mwisho kwa miaka mingi, na nimeyarudia kichwani mara nyingi kuliko sala.

Yaliyotokea baada ya matokeo kutangazwa, jirani akamfukuza jirani kwa ajili ya kabila, mnayajua, na kama hamyajui waulizeni wazazi wenu, ingawa huenda wakawaangalia pembeni. Nilirudi barabara zilipotulia, na maembe. Nyumba yangu haikuguswa, lakini ya Wanjiku ilikuwa kuta za udongo tu. Mabati yalikuwa yameondoka, na mlango pia, hata fremu. Sakafu ilikuwa na jivu. Majirani walikuwa wanateka maji kwenye kioski kama siku zote.

"Wanjiku alienda wapi?" niliuliza.

"Walienda."

"Wapi?"

"Walienda tu, Mama Mwende. Ukiuliza sana utaulizwa pia."

Nambari yake ya simu haikupatikana. Sisi watu wa Ukambani pande zote mbili zilituacha tupite siku zile, kwa hiyo nilipita na kuuliza. Kila niliyemuuliza alikuwa na haraka ghafla. Maembe niliwapa watoto wa ploti.

Karakana ilipofunguliwa tena hatukuwa na mbao, kwa sababu malori hayakuwa yanafika. Bosi akaanza kununua kutoka kwa vijana wa mikokoteni. Asubuhi moja waliteremsha mzigo wa mbao uani, na Bosi akaniita kwa furaha ambayo sikuwa nimeiona tangu mwaka uanze.

"Kuja uone vintage, Mama Mwende. Vintage kabisa, uzee wa kweli, si hii yetu ya majani chai."

Mlango mmoja ulikuwa umeegemezwa ukutani. Bluu ilikuwa imefifia. Upande wa chini moshi ulikuwa umeupita. Kando ya komeo rangi yangu ilikuwa imeisha, na mbao imekuwa laini na yenye mafuta ya mkono, katika umbo ambalo hakuna mshumaa ungeweza kulitoa. Ilikuwa kazi ya mkono wa kushoto.

"Tuupake nta tu, tuutie kioo, uwe meza," Bosi alikuwa akisema. "Kuna mteja wa Lavington atafurahi."

"Bosi, huu ni mlango wa Wanjiku."

"Mbao ni mbao."

"Niliupaka mimi. Huyu ni Wanjiku wetu, wa vitambaa."

Bosi alikaa kitako juu ya rundo la mbao, na sketi yake nzuri. Aliangalia ule mzigo wote, mbao moja moja, na nadhani ndipo alipoanza kuona milango na fremu za madirisha. Siku hizo binamu zake mwenyewe walikuwa wamefukuzwa makwao, wanalala kanisani. "Sikuuliza zimetoka wapi," alisema polepole. Kisha akasema, "Weka kando. Akija achukue."

Siku hiyohiyo nilisikia kwamba waliokimbia Kibera walikuwa kwenye mahema katika uwanja wa maonyesho, kando ya ileile barabara tuliyokuwa tukiipita asubuhi. Nilikwenda mbio. Langoni waliniambia wengi walishaondoka, wengine kwa malori kwenda kwa jamaa zao, wengine hakuna anayejua. Nilizunguka mahema yaliyobaki nikiita jina lake mpaka nikaambiwa nitoke.

Nilirudi na wazo, na nililiona zuri. Nilimwomba Bosi tuuweke mlango mbele, kwenye dirisha la kioo. Wanjiku alijua karakana iko wapi. Akipita Gatina siku yoyote atauona na atajua tunamtunzia. Bosi akakubali. Niliusafisha masizi kwa kitambaa chenye mafuta ya taa, nikaupaka nta ili rangi isizidi kubanduka, nikatia komeo mafuta. Juu yake nilitundika kitambaa kimoja cha kufuma alichokuwa amekiacha kwenye droo ya kazini, ili asiwe na shaka kwamba ni wake.

Shida ikawa wateja. Kila aliyeingia aliutaka. Mmoja aliahidi bei ambayo ilimfanya Bosi avute kitabu cha risiti, na nikaogopa. Kwa hiyo nikachukua kile kikaratasi tulichofunga kwa uzi kwenye bidhaa iliyokwisha kulipiwa, kilichoandikwa SOLD, nikakifunga kwenye komeo. Wateja wakaacha kuuliza, nami nikaenda nyumbani nimetulia. Nilidhani nimeulinda.

Mlango ulikaa dirishani miaka. Niliupangusa kila wiki. Nikawa msimamizi wa rangi, kisha wa karakana nzima, nikafundisha wasichana wengi, wengine wana maduka yao sasa. Fundi Mkuu alifariki Makina, nikaenda kumzika. Nilihama Mashimoni nikaja kuishi Gatina na binti yangu. Nami kila mtu aliposimama nje ya kioo nilikuwa nikiinua kichwa.

Karibu na kustaafu kwangu nilikuwa natoka kanisani, nikaona vitambaa vimetandazwa kwenye meza ndogo kando ya ukuta. Nikainama kuangalia kimoja. Mafundo yalikuwa yamelala upande wa pili.

"Mama Mwende," mwenye meza akasema, kama tulioachana asubuhi. "Sasa," akanisalimia.

Alikuwa amenenepa kidogo, na amevaa miwani. Nilimwuliza yuko hapa tangu lini.

"Tangu tutoke kwa zile tent. Nilipata nyumba kwa hizi flati za juu."

"Miaka yote hii? Na hukuja kazini?"

"Nilikuja." Hakuacha kufuma. "Nilifika mpaka kwa dirisha. Nikaona mlango wangu umepigwa polish. Nikaona kitambaa changu. Wewe ulikuwa ndani unacheka na mteja. Nikasoma ile tag, nikaenda."

"Wanjiku, ile ilikuwa ya kuzuia watu wasiununue. Niliuweka pale ndio uuone."

"Na niliuona."

Nilimwambia kila kitu, nimesimama pale na Biblia mkononi: maembe, mahema, Bosi na mzigo wa mbao. Alisikiliza mpaka mwisho. Nafikiri aliniamini.

"Si ungeingia tu uniulize?" nikamwambia.

"Ningekuuliza nini? Wiki hizo niliona watu nawajua wamebeba kitanda changu. Wamebeba jiko. Mtu alinisalimia akiwa na bati yangu kichwani." Alivua miwani akaifuta. "Nilipoona wewe na mlango sikushangaa. Hiyo ndiyo kitu iliniuma zaidi, Mama Mwende. Ati sikushangaa."

Nilimwomba auchukue. Alitabasamu, akasema nyumba za siku hizi zina milango ya chuma, atauweka wapi. Nikanunua kitambaa kwa sababu sikujua la kufanya, naye akanifungia vizuri kwenye gazeti kama mteja yeyote.

Siku niliyostaafu kulikuwa na keki na soda. Bosi, ambaye naye alikuwa amezeeka bila kusaidiwa na siki, alitoa hotuba fupi, kisha wasichana wakauleta mlango umefungwa utepe mwekundu. Ilikuwa zawadi yangu ya kuagwa. Walipiga makofi, nikawashukuru, nikalia, na wakadhani nalia kwa furaha.

Sina ugomvi na kazi yenu. Nyumba yenye vitu vya zamani hutuliza moyo, na mkono unaotengeneza zawadi hauna muda wa mambo mabaya. Ila mbao ikija kwa mkokoteni, ulizeni ilikuwa mlango wa nani kabla hamjausifu uzuri wake. Na mtu mkimkosa mtafuteni yeye, msikae kungoja apite mbele ya kioo. Mimi nilijua sana kutunza vitu, nikadhani urafiki nao unatunzwa kwa nta.

Mlango uko hapa sebuleni, umeegemea ukuta. Kikaratasi nilikitoa. Siupaki chochote tena. Wanjiku na mimi tunasalimiana kanisani, tunaulizana habari za watoto, na kila mara namkaribisha chai, naye husema atakuja. Wageni wangu huupenda mlango huo. Huweka mkono wa kulia pale palipochubuka kando ya komeo, huugeuza hivi na hivi, na kuniuliza mbona hapashikiki vizuri. Nawaambia pana mkono mmoja tu unaopafaa, nao unaishi kwenye flati zile pale, zinazoonekana dirishani kwangu.